Tulivyosimama Mahali pa Maua

Niling'oa maua, mwanangu, nikidhani ni maua. Niliyang'oa pamoja na viazi vyake vya chini, nikafukia mashimo kwa mguu, nikasawazisha udongo ili mwenyewe asijue kwamba mtu amepita, halafu nikaondoka nikipiga mluzi. Huo ndio upumbavu wenyewe. Nauweka hapa mlangoni kama mtu anavyovua viatu vya matope, usije ukadhani nakupa nasaha nikiwa na miguu safi.

Naona unacheka. Ati mwanangu? Wewe umeingia Kidato cha Kwanza juzi, sanduku lako la bati bado linanuka rangi, na mimi niko cha Tatu. Kaptula yangu ya mwaka juzi ingekutosha. Lakini shuleni watu huzeeka upesi. Bendera ya Uhuru ilipopanda mimi nilikuwa natambaa, na leo nina ndevu. Ni chache, nakubali, na kila moja naijua kwa jina. Hata hivyo aliyetangulia kuanguka ndiye mwenye haki ya kuonyesha shimo lilipo. Kaa basi kwenye kitanda hicho, usikilize.

Siku yenyewe naikumbuka kuliko ninavyokumbuka hesabu za jana. Ilikuwa Jumamosi ya mapumziko ya katikati ya muhula, mwaka jana, mvua za vuli zimeanza. Kama hujauona mji wa Nyeri wakati huo, bado hujauona. Mijakaranda yote ya ile barabara ya maofisi ilikuwa imechanua, zambarau juu na zambarau chini, hata lami haikuonekana. Ungedhani mtu amemwaga wino wa shule nzima. Asubuhi hiyo Mlima ulikuwa umevua mawingu, theluji yake inaonekana nyuma ya maua, na watu wazima na akili zao walikuwa wakitembea polepole wameinua macho, wakigongana na kuombana radhi.

Tulikuwa watatu. Mimi Salimu, mtoto wa Majengo, mtaa wa Waswahili, ambaye mama yangu anashona nguo kwenye baraza la duka. Wachira, mtoto wa mtaa wa Skuta, baba yake karani. Mgikuyu wa damu, lakini jembe alilijua kama wewe unavyoijua meli, yaani kwa picha. Na Mutegi wa Chuka, upande wa pili wa Mlima, watu wa mashamba na kanisa. Kwao ni mbali na likizo ilikuwa fupi, kwa hiyo alikuwa analala kwetu. Mama alimpenda sana. Alisema hatimaye nyumba yake imepata mtu mmoja mwenye adabu, na aliposema hivyo alikuwa ananiangalia mimi.

Nami siku hiyo nilikuwa nimeamka vibaya, ulimi unawasha. Nilimwambia Wachira kwamba ukimeza ua la jakaranda lililoanguka lenyewe, bila kulitafuna, hesabu zinapita tu. Kuna mkubwa wetu mmoja alifanya hivyo na sasa yuko Chuo Kikuu. Wachira akameza. Akameza na la pili, kwa ajili ya fizikia. Mbele kidogo tukakuta makuruta wa polisi kutoka Kiganjo, nao wamepewa ruhusa ya kutoka, na mmoja wao, mrefu kama mlingoti, alikuwa amejificha nyuma ya mti akinusa ua. Nikampigia saluti. "Afande," nikamwambia, "hilo ua limekamatwa kwa kosa gani?" Wenzake walicheka mpaka wakashikana, naye akalitupa kama limemchoma.

Basi nikajiona mfalme wa mji. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha, lakini usaha ulikuwa haujatumbuka, kwa hiyo nikaendelea.

Jakaranda ina ubaya mmoja: ukiibeba inanyauka kabla hujafika njia panda. Nami nilitaka kumpelekea mama ua litakaloishi, alipande kwenye mikebe yake ya mlangoni. Nia ilikuwa nzuri, mwanangu. Jifunze hapo hapo kwamba nia nzuri nayo inaweza kushika kijiti na kuchimba mahali pasipo pake.

Tukapita Skuta, tukatokea ng'ambo, pale mji unapokwisha na mashamba kuanza. Na huko ndiko tulikoyaona. Mafungu matatu, yamekaa mstari mmoja katikati ya mashamba mawili, kila ua kubwa kama tarumbeta, jeupe, na kila petali ina mstari wa waridi katikati, kama pajama ya mzungu. Majani yake mapana yalikuwa yamelala chini kana kwamba yamechoka. Pande zote mbili udongo ulikuwa mwekundu, umelimwa majuzi, unangoja maharagwe. Hakukuwa na nyumba karibu wala ua wa miti, maua tu.

Mutegi akasimama. "Salimu, wacha hiyo. Imepandwa na mtu."

"Mtu gani anapanda maua katikati ya shamba, bila nyumba? Yamejiotea hayo."

"Yamejiotea kwa mstari?"

"Ndiyo. Hapa Nyeri hata maua yamesoma jometri."

Wachira akacheka. Mutegi hakucheka. "Kwetu mtu hachimbi kitu mpakani bila kuuliza," akasema.

"Kwenu ni Chuka, bwana. Hapa ni mjini."

Kuuliza si ujinga, na hakuna msemo unaoandikwa mara nyingi zaidi kwenye ubao wa shule hii. Lakini Mutegi alikuwa amesema neno la maana, na mimi nilikuwa nimesema neno la kuchekesha, na kati ya wavulana watatu unajua ni lipi litakaloshinda. Kila mmoja akachukua fungu lake. Hata Mutegi alichimba, huku ananung'unika, kwa sababu sikumwacha apumue. Viazi vyake vilikuwa vikubwa kama ngumi, vimeshikilia ardhi kama mtoto anayekataa kuachishwa ziwa. Tulipomaliza tukafukia, na kimvua kikapita kikaosha nyayo zetu. Nikaona hata mbingu iko upande wangu.

Hatukuwa tumefika mbali kwenye kijia tulipokutana na mama mmoja anapanda kutoka bondeni, mzigo wa majani ya ng'ombe mgongoni, ukanda wake kwenye paji la uso. Akatuona. Akaona tulichobeba.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Mtu akikufokea unajua pa kusimama. Huyu aliteremsha mzigo wake polepole, akaja, akagusa kiazi cha ua nililoshika, jinsi mtu anavyogusa paji la mtoto kujua kama ana homa.

"Hii mmetoa wapi?"

Na mimi, mwanangu, mimi huyu, nikamjibu, "Tumeokota, mama. Yalikuwa yamepotea njia."

Akaniangalia. Halafu akakaa chini pale pale kwenye matope, kanga yake na yote. Sijawahi kuona mtu mzima akikaa chini hivyo. Mzaha uliokuwa umebaki mdomoni mwangu ukageuka kama kipande cha sabuni.

"Hiyo ni mpaka yangu," akasema.

Wachira ndiye aliyeelewa kwanza. Uso wake ulibadilika, akaliangalia ua mkononi mwake kama limefungua mdomo na kusema. "Ni matoka," akanong'ona. "Nyanya hutusimulia. Ni ua wanalopanda wazee kugawa shamba. Mtu akiling'oa, laana..." Hakumaliza, na sikutaka amalize. Alikuwa amelisikia jina hilo tangu utotoni, lakini hakuwahi kuonyeshwa lenyewe. Usilolijua ni kama usiku wa giza, naam, lakini sisi tulikuwa tumeingia gizani saa sita mchana.

Yule mama, tuliyekuja kumjua kama Mama Wangui, alitueleza kwa maneno machache, akiwa amekaa vile vile. Mumewe alikuwa amekufa. Shamba hilo lilikuwa la baba mkwe wake, na mzee huyo alipowagawia wanawe wawili alipanda matoka katikati mbele ya wazee, upande huu mume wake, upande ule shemeji yake Ndirangu. Zamani kulikuwa na nyasi pia za kuonyesha mpaka, lakini kila msimu jembe la Ndirangu lilisogea kidogo, likala nyasi.

"Imebaki hiyo maua tu," akasema. "Hiyo peke yake ndiyo anaogopa. Sasa nyinyi mmemtolea."

"Turudishe, mama," nikasema haraka. "Sasa hivi. Tutapanda vizuri kuliko mwanzo."

"Nikirudisha mimi peke yangu, atasema nimesogeza kwake. Mpaka hairudishwi na mtu moja." Akainuka. "Nionyesheni shimo."

Tukarudi mbio. Kimvua kilikuwa kimelainisha kila kitu, na kazi yangu nzuri ya kufukia ilikuwa nzuri kweli. Nilitembea juu yake mara mbili bila kuitambua. Kile nilichokifanya ili mtu mwingine asijue, sasa mimi mwenyewe nilikuwa nakilaani. Mwishowe tukapapasa, tukapata pale udongo ulipozama kuliko penginepo. Mutegi juu ya mteremko, mimi katikati, Wachira chini, karibu na mparachichi mkubwa uliokuwa shambani mwa Mama Wangui.

"Kila mtu asimame kwa shimo yake na ua yake," akasema. "Naenda ng'ambo ya mto kuita Mzee Gachanja. Wengine wote waliopanda wamekufa, ni yeye tu. Mkitoka hapo, mimi na watoto yangu hatuna kitu."

Akaenda. Hakutuuliza majina. Hakutuuliza shule. Alimwachia shamba lake mtu aliyemwambia kwamba maua yamepotea njia, akateremka bondeni bila kugeuka. Nimewahi kuaminiwa na mwalimu kubeba chaki, na hata hizo zilifika pungufu.

Basi tukasimama. Jaribu siku moja, mwanangu, kusimama shambani na ua kifuani kama bibi harusi, ukijua kwamba ukisogea mguu tu, mtoto wa mtu atakula kidogo. Mvua ikarudi, hii ya kweli. Maji yakaingia kwenye kola, yakatokea kwenye soksi. Nilibanwa na haja ndogo pia, na sitasema iliishaje. Nitasema tu kwamba mvua ilinisitiri.

"Tukimbie," Wachira akaita kutoka kule chini. "Hajui majina yetu."

"Kimbia," Mutegi akajibu kutoka juu. "Mimi nabaki. Na nikiulizwa majina, nayajua yote matatu."

Wakanigeukia mimi, kwa sababu kila mara tukibanwa mimi ndiye nasema neno la kutufungua. Nilitafuta neno hilo. Nilitafuta kila mfuko wa kichwa changu. Hakukuwa na kitu.

Ndipo akaja mwanamume kutoka upande wa pili, kofia ya gunia kichwani, mabuti ya mpira miguuni, mahindi mawili ya kuchoma mkononi yanatoa moshi. Akasimama, akatutazama mmoja mmoja, akatabasamu.

"Vijana," akasema, "nani amewapanda hapa? Na mtazaa lini?"

Nilicheka kwa sauti. Nilimpenda papo hapo. Nikadhani nimepata mtu wa kabila langu, kabila la wacheshi. Hata Mutegi alitabasamu kidogo, na Wachira, maskini, alianza kueleza kila kitu: tulivyochimba, aliyekwenda kuita Mzee, kwa nini tumesimama. Mtu yule alisikiliza akitikisa kichwa kwa huruma.

"Pole sana," akasema. "Mimi ndiye Ndirangu. Shemeji yangu ni mtu mkali. Kuacha watoto kwa mvua namna hii. Wewe kijana wa chini, kuja hapa kwa mparachichi, iko kukavu. Kuja na ua yako. Shika hindi."

Wachira akaangalia mparachichi. Akaangalia hindi. Hatua chache tu. Akaenda.

"Simama hapo hapo," Ndirangu akasema, akimpigapiga bega. "Hapo ni pazuri kabisa."

Hapo mwili wangu wote ulishtuka kama mtu aliyemwagiwa maji ya barafu, ingawa tayari nilikuwa nimelowa. Mparachichi ulikuwa ndani ya shamba la Mama Wangui. Mpaka ulikuwa umetembea mbele ya macho yangu, unatafuna hindi.

Akaja kwangu, bado anatabasamu. "Na wewe kuja kidogo. Si mbali. Baridi itakuua."

"Mzee," nikasema, na meno yanagongana, "mimi leo ni ua. Umewahi kuona ua likikimbia mvua?"

Akacheka. Alicheka vizuri, kwa moyo. Halafu kicheko kikaisha, kama taa inavyoisha mafuta, na nikaona uso uliokuwa nyuma yake. "Kwa hiyo Kiswahili, wewe ni wa Majengo," akasema polepole. "Hii mambo ya Wagikuyu inakuhusu nini?"

Mwenye majibu alikuwa Mutegi, naye alikuwa mbali, anatetemeka.

"Niko na vijana saba," Ndirangu akasema, na safari hii hakukuwa na mzaha wala ujanja ndani ya sauti yake. "Saba. Watalima wapi? Kwa mgongo yangu?" Nami nikamwonea huruma, mwanangu, na hiyo ndiyo iliyonitisha kuliko yote. Nilidhani mtu mbaya anakuja na uso mbaya. Huyu alikuwa baba wa watu, mchangamfu, mwenye njaa mbele yake, na mguu wangu wa kulia ulikuwa umeshainuka kisigino. Nikaurudisha. Sijui ni nini kilichonifanya niurudishe. Ningependa kukwambia ni uadilifu, lakini huenda matope yalikuwa yameushika tu.

Mvua ilikuwa inapungua Mama Wangui alipotokea, mkono wa mzee mmoja ukiwa begani mwake. Mzee Gachanja alikuwa haoni. Macho yake yalikuwa meupe kama maziwa. Niliposhuhudia hilo nilikata tamaa. Shahidi pekee aliyebaki duniani, na haoni hata pua yake. Ndirangu naye aliliona hilo, na alisimama kando ya Wachira kwa raha zake.

Mzee alisema Kigikuyu, ambacho kila mtoto wa Majengo anakielewa, na Mutegi alikielewa nusu.

"Wako wangapi?"

"Watatu," Mama Wangui akasema.

"Kila mmoja ataje jina lake, kutoka pale aliposimama."

"Mutegi." "Salimu." "Wachira."

Mzee akageuza kichwa, kama mtu anayesikiliza ndege. "Tena."

Tukataja tena.

"Sauti ya tatu imepinda," akasema.

Nywele zilinisimama.

"Tulipopanda tulivuta kamba," akasema Mzee. "Mpaka ulikuwa mnyoofu. Hapa, ama mmoja amesogea, ama wawili wamesogea."

"Ni hao wawili," Ndirangu akasema upesi. "Huyu wa chini hajatoka mahali pake. Mimi nimekuwa naye hapa, nimemwona."

"Si kweli, Mzee," nikapaza sauti. "Ni Wachira aliyesogea. Ameitwa kujikinga mvua, akapewa hindi. Mimi na Mutegi hatujatoka."

Mzee Gachanja akageukia sauti yangu.

"Wewe ndiye uliyesema maua yalipotea njia?"

Mama Wangui alikuwa amemwambia. Njia yote kutoka ng'ambo ya mto alikuwa amebeba mkono wa mzee begani, na maneno yangu ya kipuuzi akayabeba pia.

"Ni mimi, Mzee."

"Basi nyamaza kwanza, mwanangu."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama unavyomwambia mtoto asogee kando watu wazima wapite. Nimewahi kuchapwa katika shule hii, unajua hivyo, kuna mti mzima uliokwisha juu yangu. Hakuna fimbo iliyowahi kuniingia kama neno hilo. Kwa mara ya kwanza siku nzima, labda mwaka mzima, nilikuwa nimesema kweli tupu, isiyo na chumvi, na kulikuwa na watoto wa mtu waliokuwa wanaihitaji. Na haikuwa na uzito. Niliisikia ikianguka chini kama jani.

Mzee akaongozwa mpaka kwa Wachira. Akanyoosha mkono, akapapasa mkono wa Wachira ulioshika ua.

"Unatetemeka. Ni baridi?"

"Ni baridi, Guka," Wachira akajibu, akimwita babu.

Akapapasa mkono wa pili. Akalishika lile hindi. "Na bado lina joto," akasema.

Ndirangu alikohoa. Wachira aliangalia chini muda mrefu, machozi na maji ya mvua yakishuka pamoja, kisha akatoka chini ya mparachichi, akarudi kwenye shimo lake, akasimama.

"Wachira," akaita kutoka huko, kabla hajaulizwa.

"Sasa imenyooka," Mzee akasema.

Mama Wangui akafunika uso kwa mikono miwili. Ndirangu hakubisha. Alitazama mabuti yake, na nadhani hata yeye alikuwa amechoka na kazi ya kusogea usiku kwa usiku, msimu kwa msimu.

Tukapanda upya. Mzee alitaka kila mmoja wetu achimbe kwa vidole, si kwa kijiti, na kila ua lilipoingia shimoni Ndirangu alishindilia udongo kwa upande wake na Mama Wangui kwa upande wake, mikono yao ikikaribia kugusana. Nilidhani yamekwisha. Nilikuwa nimeanza hata kufikiria uji. Ndipo Mzee Gachanja akatuita mbele yake, akatushika vichwa kwa zamu, mvua ikidondoka kutoka kwenye kofia yake.

"Mimi sioni," akasema, "na msimu ujao huenda nisiwepo. Leo mpaka huu umepata macho mapya sita. Nyinyi ndio mashahidi. Ugomvi ukitokea mtaitwa, na mtakuja, hata kama mko Mombasa, hata kama mko ng'ambo ya bahari, hata kama mna mvi. Mtasimama pale pale mliposimama leo na kusema."

Fikiria, mwanangu. Nilikuwa nimeenda kutazama maua. Nilikuwa nimetoka asubuhi mtoto mwepesi, sina hata kitambaa mfukoni, na nikarudi jioni nimebeba ardhi ya watu kwa maisha yangu yote. Nikataka kumwambia, Mzee, si mimi, chagua mwingine, umeniambia mwenyewe ninyamaze. Alikuwa kama amesikia. Aliniweka mkono kichwani kwa mara ya pili, mimi peke yangu, akasema, "Wewe wa maua yaliyopotea njia. Una muda wa kujirekebisha. Lakini si mwingi."

Sasa nasaha, maana najua ulikuwa unaingoja ili uende kulala.

Kwanza, ukiona kitu kimekaa kwa mstari, jua kuna mtu aliyevuta kamba. Uliza. Hata kama ni ua, hata kama mwenzako mcheshi amekwambia limesoma jometri. Yule mwenzako anayesema polepole na hachekeshi mtu, msikilize mara mbili. Na ukishakosea, usifukie shimo. Kosa langu la kuchimba lingerekebishwa kwa dakika tano. Lililokaribia kumla mjane ni lile la kufukia vizuri.

La pili ni zito zaidi. Cheka, mwanangu. Sitakukataza, mimi mwenyewe sijaacha, muulize mwalimu wa zamu. Lakini weka akiba ya maneno ambayo hujayachezea. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, na ya mcheshi ni ndefu na tamu, lakini ikifika mwisho wake utakuta kuna mtu amesimama hapo anayetaka kujua mpaka uko wapi, na hana mwingine wa kumuuliza ila wewe. Ole wako ukiambiwa siku hiyo nyamaza kwanza.

Mungu akupe ulimi mwepesi na neno zito. Akupe rafiki kutoka Chuka. Akunyeshee mvua ya kiasi, na mahali utakaposimama, usimame mpaka uitwe.

Nilipofika nyumbani Mutegi alimweleza mama kila kitu, kwa sababu mimi nisingeaminika. Mama alisimamisha cherehani yake kwa mkono. Nilingoja kichapo, nilikuwa hata nimegeuza mgongo ili kumrahisishia. Hakunigusa. Aliniangalia muda, jinsi mtu anavyoangalia kitu alichokinunua zamani na leo ndiyo ameona kilivyo. Nakupa maneno yake yalivyotoka:

"Mimi sina shamba. Baba yako hakuwa na shamba. Babu yako amezikwa kwa ardhi ya watu. Leo Mungu amechukua mpaka wa mwanamke mwenzangu akauweka ndani ya hicho kichwa chako cha upuzi. Ukiupoteza, Salimu, usiniite mama. Haya, vua hayo matope, ukaoge."